Dogo kwenye kiti cha muongozaji: kisa cha mwigizaji mtoto aliyerudi lokesheni akiwa bosi

Kabla ya kuanza

Majina ya watu, kituo, tamthilia na baadhi ya mitaa nimeyaondoa au kuyabadilisha. Mhusika mkuu namwita Dogo, kwa sababu ndivyo alivyoitwa lokesheni toka ana miaka tisa, na jina hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo. Sitasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kinaniruhusu, na kwa mji kama Dar, ambao watu wa fani hii wote wanajuana kwa sauti tu, hiyo ndiyo kinga niliyonayo.

Mimi nilikuwa meneja wa uzalishaji. Nilitafuta nyumba za kushutia, niligawa posho na nilipeleka barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa hiyo kila mahali panapostahili lawama, na mimi nimo.

Usuli

Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri mpaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Ndipo vikundi vya maigizo vilipopata uwanja, Kaole wakiwa mbele, na mitaani jioni za igizo watu walihamia kwenye nyumba yenye TV, watoto wakikaa chini na wakubwa wakisimama mlangoni.

Dogo aliingia kwenye kikundi kimoja mwanzoni mwa miaka ya 2000, akipelekwa na jirani aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye ukumbi wa Magomeni. Alipewa nafasi ya mtoto anayeteswa na mama wa kambo. Skripti haikuwepo. Kiongozi anasema, "Wewe mama wa kambo, huyu mtoto kavunja sahani, mnaanzia jikoni mnaishia mlangoni," basi, maneno kila mtu anajitafutia. Kwa mtoto hiyo ni shule kubwa. Kufika miaka kumi na moja Dogo alijua kusimama bila kumfunika mwenzake, alijua kamera iko wapi bila kuitazama, na alijua kurudia kosa lilelile kwa namna ileile ili mhariri apate pa kukatia.

Malipo yalikuwa nauli na soda, mkataba hakuna. Makonda walikataa nauli yake ("pita, dogo wa kwenye TV"), kwa hiyo hata ile nauli ikawa faida. Shuleni mambo yalikwenda kombo: alilala darasani kwa sababu usiku alikuwa akishuti.

Halafu akarefuka. Alipofika miaka kumi na tatu hivi, sura ya mtoto ikamtoka, na hadithi ikamsafirisha kwenda kwa mjomba Tanga. Hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo mwisho. Aliendelea kwenda mazoezini kwa wiki mbili, anakaa kwenye benchi, mpaka mtu wa mekapu akamwambia, "Dogo, wewe si uko Tanga?" Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Miaka ya kaseti na DVD ilimkuta Sinza, kwenye chumba cha kuhariri, akibeba nyaya. Filamu nzima ilishutiwa ndani ya wiki moja au mbili, nakala mama ikauzwa moja kwa moja kwa msambazaji wa Kariakoo, na mwenye kazi hakujua tena ziliuzwa ngapi. Muongozaji mmoja alipomtaka arudi kuuza sura kidogo, kwa sababu watu bado walimkumbuka, Dogo alikubali kwa sharti moja: aonekane sini tatu, lakini siku zote za kazi akae nyuma ya kamera kama msaidizi. Hilo nalihesabu kuwa uamuzi wake wa kwanza wa kitaalamu.

Soko la DVD likaanguka. Wengi hupenda kuhesabu anguko hilo kuanzia Aprili 2012, Steven Kanumba, nyota wa filamu zetu, alipofariki. Mimi nadhani flashi na vibanda vya kurushia muvi vilikuwa vimeshaanza kazi yao kimyakimya. Mwisho wa mwaka huohuo, Disemba 31, matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam na kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Azam TV wakaja 2013, Maisha Magic Bongo 2015. Chaneli zilihitaji kitu cha kuonyesha kila jioni, na tamthilia za nyumbani zikarudi. Safari hii zilirudi na skripti, ratiba ya kukabidhi kazi na kifungu cha faini.

Ndipo kituo kimoja kilipompa Dogo msimu mmoja wa tamthilia, episodi 26. Alikuwa muongozaji na mtayarishaji kwa pamoja. Hapo alikuwa amevuka miaka thelathini.

Wiki ya kwanza: Mama na karatasi

Tulipanga siku arobaini, sini kumi kwa siku. Nafasi ya bibi mwenye mali alipewa mama yuleyule aliyekuwa mama wa kambo wa Dogo miaka ile. Lilikuwa wazo la Dogo mwenyewe, na kituo kilifurahi kwa sababu watazamaji wangekumbuka. Huyu namwita Mama, kama sote tulivyomwita.

Siku ya kwanza Mama alifika saa nne wakati wito ulikuwa saa moja. Dogo akamwendea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Dogo, hebu niitie mtu aniletee maji." Akaitikia, akaenda kuleta maji mwenyewe. Watu wa taa wakatazamana. Nilijua siku hiyohiyo tuna kazi.

Kwenye sini, Mama hakusema neno hata moja lililoandikwa. Alisema vizuri, tena pengine vizuri kuliko mwandishi, lakini mwenzake alikosa pa kudakia, na mambo aliyopaswa kuyataja (jina la shamba, siku ya kesi) hayakusikika. Teki ya pili, yaani tulipoirudia kuishuti, akasema vingine. Ya tatu, vingine kabisa. Dogo alipomkumbusha skripti alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka getini: "Skripti za nini mwanangu? Wewe nimekufundisha kulia bila karatasi."

Siku ya tatu kijana aliyekuwa msaidizi wa muongozaji alipendekeza tumbadilishe. Mimi niliunga mkono, maana tulikuwa tumepoteza sini tisa. Dogo alikataa, akatoa sababu mbili. Ya kwanza ya kikazi: sura ya Mama ilikuwa imeshatangazwa. Ya pili alinong'ona: "Nikimfukuza, kila mkongwe Dar atajua nimemfukuza mama yangu."

Jioni hiyo tulikwenda kwa Mama, Dogo kabeba sukari kilo mbili na skripti. Baada ya chai akamwomba wasome pamoja, kama mazoezi. Mama akachukua karatasi, akainyoosha mkono wote, kisha akaisogeza karibu, kisha akaigeuzia kwenye taa. Akasema amechoka, asomewe. Dogo akasoma kurasa mbili. Mama akazirudia karibu neno kwa neno.

Tatizo lilikuwa macho. Miwani yake ilivunjika muda mrefu, na sisi tulikuwa tunachapa skripti kwa herufi ndogo, pande zote mbili za karatasi, kuokoa wino. Kukiri hilo mbele ya vijana wenye tableti asingeweza, kwa hiyo aliona bora aonekane mjeuri.

Kuanzia hapo sini za Mama zilichapwa kwa herufi kubwa, ukurasa upande mmoja, na mtoto wa dada yake alilipwa posho kumsomea usiku uliotangulia. Kila asubuhi Mama na wenzake walipewa pia nusu saa ya kuigiza kwa maneno yao wenyewe, mtu wa kontinyuiti (anayefuatilia sini zisipishane) akiandika, na kilichozidi ubora wa skripti kikaingizwa. Uchelewaji haukuisha kabisa. Ulipungua kutoka saa tatu hadi dakika arobaini, nami nikajifunza kuandika wito wake saa moja kabla.

Kuhusu jina, Dogo aliamua kutolipigania. Alichofanya ni kuhamisha amri. Yeye hakupaza sauti tena, alizungumza na wakubwa pembeni, kwa shikamoo na taratibu zote, na sauti ya "Kimya! Kamera!" ikawa ya msaidizi wake. Aliyetaka kumwita Dogo alimwita, lakini ratiba ilitoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na karatasi haiitwi dogo.

Usiku wa Mbezi

Katika tamthilia kulikuwa na mjukuu, na aliyemwigiza alikuwa wa miaka kumi, darasa la nne, akiletwa na bibi yake mzaa mama kwa daladala kutoka Mwananyamala.

Nyumba ya kitajiri tuliipata Mbezi kwa siku mbili tu. Mwenye nyumba alikuwa na shughuli siku ya tatu, na tulipaswa kuondoa vitu vyote kabla ya saa sita usiku. Siku ya pili mvua ilitula saa tatu nzima. Saa nane mchana umeme ukakatika, tukawasha jenereta, na jenereta ikasikika kwenye sauti, ikabidi tuisogeze nje ya uzio na kutafuta nyaya ndefu. Ikafika saa moja usiku zimebaki sini tano.

Hapa kuna uamuzi ambao siku hiyo haukuonekana kama uamuzi. Mama alikuwa na msiba Kigogo, akaomba atangulizwe. Mwigizaji mwingine alikuwa na kazi alfajiri, naye akatangulizwa. Stelingi hakuomba, alikunja uso tu, naye akatangulizwa. Mtoto hakusema kitu. Sini yake ikasukumwa mwisho, na ilikuwa sini ya kulia: mjukuu anaamka usiku, anakuta mama yake kaondoka.

Saa nne na robo usiku mtoto alikuwa amelala kwenye sofa la kushutia, viatu vya shule miguuni. Mtu wa mekapu akasema kwamba ingefaa tuahirishe. Dogo akajibu, si kwa ukali, "Mimi nilikuwa nashuti mpaka saa saba, nalala juu ya mifuko ya nyaya. Nimekufa?" Tukamwamsha.

Teki tatu mtoto hakulia, alikuwa anapepesuka kwa usingizi. Dogo akaomba dakika moja, akachuchumaa karibu naye, akamnong'oneza. Nilimwona mtoto akigeuka kutazama kona ambayo bibi yake alikuwa amekaa. Kiti kilikuwa kitupu, kwa sababu bibi alikuwa jikoni kwa watu wa misosi, wakimpa chai. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. Dogo akarudi nyuma huku amenyoosha kidole kwa mpiga picha.

Ilikuwa teki moja. Sijaona nyingine kama ile, na nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi. Mtu mmoja alipiga makofi.

"Kata!" ikasemwa, na mtoto akaendelea kulia. Aliendelea mpaka bibi akatoka jikoni mbio, kikombe mkononi, khanga inaburuta. Mtoto akamrukia, akisema, "Wamesema umenichoka umeondoka." Bibi akatuangalia mmoja mmoja. "Nani kamwambia mtoto nimeondoka?" Mtu wa sauti, aliyesikia kila kitu kwenye vipokea sauti vyake, alitazama sakafu. Na mimi nilitazama sakafu.

Siku tatu za simu isiyopokelewa

Bibi hakupokea simu kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya pili, tukiwa kwenye foleni ya Mwenge, Dogo aliniambia bila kuulizwa: "Mimi waliniambia mama kagongwa na gari."

"Sasa mbona na wewe ukafanya?"

"Kwa sababu ilifanya kazi."

Siku ya tatu tulikwenda Mwananyamala. Bibi alikuwa anachoma vitumbua uani. Alitukaribisha, akatuonyesha mkeka, akamaliza karai zima kabla ya kutusemesha. Kisha akasema, "Mjukuu wangu siyo ndimu." Dogo aliomba radhi kwanza kwa bibi, halafu kwa mtoto mwenyewe, akiwa amekaa chini. Mtoto alisikiliza akiwa nyuma ya mlango, hakutoka.

Masharti ya bibi yalikuwa manne: mtoto ashuti Jumamosi na siku za likizo tu, saa kumi na moja jioni awe amemaliza, yeye bibi akae mahali mtoto anapomwona, na sini yoyote ya kulia aelezwe yeye kwanza. Halafu akataka kuiona ile teki. Dogo alikuwa nayo kwenye laptopu. Bibi aliitazama mpaka mwisho, akavuta pumzi, akasema, "Futa."

Dogo akaifuta mbele yake, na usiku akampigia mhariri afute na nakala ya akiba. Mhariri alilalamika wiki nzima. Kusema kweli, mimi niliona ni hasara tupu, kwani machozi yalikuwa yameshatoka na kuyafuta hakukumrudishia mtoto kitu. Siku nyingine bado naona hivyo. Siku nyingine namkumbuka mtoto nyuma ya mlango.

Sini iliandikwa upya. Ndala za mtoto ziko mlangoni, mlango umefungwa, na Mama anazungumza na mlango. Maneno mengi aliyatunga mwenyewe kwenye ile nusu saa ya asubuhi. Ni sini nzuri. Haiifikii iliyofutwa.

Karatasi na fedha

Tamthilia aliyoigiza Dogo utotoni ilirudiwa hewani zaidi ya mara moja bila yeye kupata senti, na hakuwa na karatasi ya kudai nayo. Ndiyo maana kwenye mradi huu kila aliyeonekana, hata mwuza maji wa sini moja, alisaini mkataba unaotaja marudio. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayomtambua pia mwigizaji na si mtunzi peke yake, lakini usipokuwa na maandishi utaitumiaje. Kituo kilitaka haki zote za milele. Baada ya vikao vitatu kikakubali kuchukua matangazo ya ndani, na mauzo ya nje ya nchi yakagawanywa. Wakili alikula karibu wiki nzima ya bajeti ya chakula, ila kwenye mradi mzima ndiyo fedha ninayoijutia kidogo kuliko zote.

Matokeo

Kupanga upya sini za mtoto kulituongezea siku sita za kushuti, na episodi za mwisho tulizikabidhi kwa kuchelewa wiki mbili. Kituo kilikata faini kama mkataba ulivyosema. Malipo ya Dogo kama mtayarishaji yaliishia hapo yote, na ya muongozaji alibaki na nusu. Wafanyakazi walilipwa kamili, ingawa watu wa taa walisubiri mwezi. Kituo kiliagiza msimu wa pili kwa bei ileile, jambo ambalo kwa mfumuko wa gharama ni sawa na kupunguziwa.

Mtoto alirudi kazini. Na Dogo alimsemesha kwa heshima, lakini kwa miezi miwili yule mtoto alipokea maelekezo kupitia kwa mtu wa mekapu tu.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia ile teki. Mimi naanzia kwenye kofia mbili. Muongozaji anataka teki moja zaidi, mtayarishaji anatazama mafuta ya jenereta na saa ya mwenye nyumba. Watu hao wakiwa wawili, wanagombana, na katika ugomvi wao mtu wa tatu hupata nafasi ya kusema "tufunge." Usiku ule walikuwa mwili mmoja. Njia ya haraka ya kumridhisha muongozaji na mtayarishaji kwa pamoja ilikuwa machozi ndani ya teki moja, na Dogo aliijua njia hiyo kwa sababu ilipitishwa juu yake. Mimi, niliyepaswa kusema "tufunge," nililipwa naye.

La pili ni uzoefu wenyewe. Ulimsaidia sana kwa Mama. Mtu aliyetoka chuoni moja kwa moja asingevumilia siku tatu, wala asingejua kwamba mkongwe anayekataa karatasi huenda anaficha kitu. Dogo aliielewa ile shule ya zamani kutoka ndani, akaipa nusu saa kila asubuhi badala ya kuifukuza. Lakini uzoefu huohuo ndio uliomfanya aseme "Nimekufa?" Aliyepitia jambo akiwa mtoto na akatoka hai hulichukulia kama kipimo. Nimewaona makocha wa mpira na walimu wa madrasa wakiwa na tabia hiyohiyo, kwa hiyo sidhani ni ugonjwa wa televisheni peke yake.

Huko Marekani wanaye Ron Howard, ambaye kuanzia 1960 alicheza mtoto kwenye televisheni, na baadaye akakubali kuigiza filamu ya magari ya mtayarishaji Roger Corman ili naye apewe ya kuongoza. Ikatoka 1977, akiwa na miaka 23, na mwaka 2002 akapokea Oscar ya muongozaji bora. Biashara ya "uso wangu kwa kiti chako" ni ileile aliyoifanya Dogo Sinza. Tofauti ninayoiona ni kwamba Howard utotoni alikuwa na baba yake karibu, naye mwigizaji, anayejua kazi na anayeweza kusema hapana. Dogo hakuwa naye mtu wa namna hiyo. Mtoto wetu alikuwa naye, tukamweka jikoni na chai.

Sheria yetu haikuwa kimya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na inakataza mtoto kufanya kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sisi watu wa fani tumezoea kupita pembeni kwa kusema mtoto "anashiriki sanaa" na anapewa "posho." Neno linabadilika, saa haibadiliki. Saa nne na robo ni saa nne na robo. Ona pia kwamba masharti ya bibi, ambaye sidhani aliwahi kufungua kitabu cha sheria, kwa upande wa saa yalikuwa makali kuliko sheria na yalitekelezeka vizuri zaidi, kwa sababu aliyetunga ndiye aliyekaa kwenye kiti akitutazama.

Kwenye fedha hatukufika mbali. Jackie Coogan, aliyepata umaarufu 1921 akiigiza na Charlie Chaplin, alipokua alikuta mamilioni yake yameliwa, akawashtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kulinda mapato ya waigizaji watoto, na leo asilimia 15 hufungiwa kwenye akaunti mpaka mtoto afike miaka 18. Dogo alijaribu kuiga kwa hiari: sehemu ya malipo ya mtoto iliingia kwenye akaunti ya mtoto benki. Mama mzazi wa mtoto aliitoa karibu yote kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita. Mtoto naye anaishi kwenye nyumba hiyohiyo, kwa hiyo sina la kumlaumu, ila mpango wenyewe ulishindwa.

Na lile suala la mpangilio wa sini. Hili nimelibadilisha katika kazi zangu zote: kwenye karatasi ya ratiba mtoto anaandikwa wa kwanza kabla sijaandika stelingi, na anayetaka kumsogeza lazima aje kwangu na kalamu. Tumeshagombana mara mbili kwa sababu hiyo, mara moja na Dogo mwenyewe.

Msimu wa pili

Tulipoanza maandalizi, bibi alituma ujumbe kwamba mjukuu ana mtihani wa taifa wa darasa la nne, na kwamba mtoto mwenyewe amesema hataki tena. Kituo hakikufurahi. Afisa wao alipendekeza jambo rahisi: "Si mumsafirishe tu? Apelekwe kwa ndugu mkoani, mtazamaji atasahau."

Dogo alinyamaza kidogo, kisha akasema mtoto hasafirishwi kimyakimya, ataagwa. Aliandika sini hiyo mwenyewe, kurasa tatu: mjukuu anahamia bweni, na kila mtu wa ile nyumba anapata mstari mmoja wa kumuaga. Iliwekwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, bibi kwenye kiti chake. Mtoto akakubali kuja kwa siku hiyo moja.

Alipofika, kabla ya mekapu, alimwendea Dogo moja kwa moja, mara ya kwanza tangu Mbezi, akauliza kama sini hii ina kulia.

"Haina," Dogo akamjibu. "Ukitaka kucheka, cheka."

Aliyelia ni Mama, teki zote nne, na maneno ya kwenye karatasi hakuyasema hata moja.